Mimi, Wifi na Panya Watikisa Vichwa

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeajiriwa na wifi yangu. Nimeiandika sentensi hiyo ili niizoee, maana kinywani bado inanikwama.

Zahanati nilikokuwa napimia watu damu ilifungwa mwezi wa kwanza, na tangu hapo nyumbani nimekuwa mtu wa kuhamisha viti na kuvirudisha. Ndipo mume wangu akaleta wazo, kwa ile sauti yake ya kuomba radhi kabla hajakosa: dada yake anatafuta msaidizi pale chuoni, yule wa kwanza amehama mji. Nikasema sawa. Mimi ni mtu wa kusema sawa. Miaka minane nimeishi katika nyumba ya mama mkwe pamoja na huyo wifi, na kama bado nina amani ni kwa sababu ya neno hilo. Ya moyoni nitayamwaga humu.

Wifi anasomea shahada ya uzamivu, mambo ya ubongo. Huu ni mwaka wake wa saba. Chuo kimempa nafasi ya mwisho: mwisho wa Mei kazi iwe mezani, la sivyo jina lake linafutwa. Mama mkwe hana habari ya kufutwa. Yeye ameshawatangazia ndugu, majirani na mwenye duka kwamba ana daktari ndani ya nyumba.

Jumanne, 5 Machi

Kazi yenyewe ni hii. Chumba kidogo chenye paa la bati, sanduku la kioo, panya mweupe mmoja ndani, viti viwili mbele. Panya amechomwa sindano. Kila akitikisa kichwa, ule mtikiso wa ghafla wa mtu aliyeingiwa na maji sikioni, unabonyeza kidude cha kuhesabia ulichoshika mkononi. Ta! Tunakaa wawili, hatuongei, macho kwenye kioo. Mwishoni kila mtu anasoma namba yake. Zikipishana sana Profesa anayemsimamia Wifi anazitupa zote, kwa kuwa jicho la mtu mmoja haliaminiki.

Leo yalikuwa mafunzo, kwa hiyo Wifi aliruhusiwa kuongea, na aliitumia ruhusa hiyo vizuri.

"Hilo ni kujikuna, wifi. Kujikuna si kutikisa."

"Sawa, wifi."

"Na huko ni kunawa uso."

"Sawa."

"Sasa mbona unabonyeza?"

Nilibonyeza kwa sababu niliona mtikiso katikati ya kunawa. Sikusema. Panya aliniangalia kama aliyetaka kunitolea ushahidi.

Alhamisi, 7 Machi

Nimemuuliza kwa nini vichwa. Akanieleza, na kwa hilo namsifu: akianza kueleza kazi yake anakuwa mtu mwingine, hata mabega yanashuka. Anasema ubongo una kemikali iitwayo serotonini, na kemikali hiyo ina vipokezi vyake, mahali pa kupokelewa. Ipo dutu ambayo ukimchoma panya inavichokoza vipokezi hivyo, na kichwa kinatikisika chenyewe. Kwa hiyo mtikiso ni dirisha. Huwezi kuuona ubongo ukiwa hai, lakini unaweza kuhesabu vichwa.

Swali lake: panya akipewa dawa ya kuongeza kemikali hiyo siku baada ya siku, vipokezi vinafanya nini? Nusu ya panya wanapewa dawa, nusu maji ya chumvi, na nani kapewa nini anajua Profesa peke yake. Kisha wote wanachomwa ile dutu ya kuchokoza, na sisi tunahesabu. Wifi anaamini waliozoeshwa dawa watatikisa kidogo kuliko wenzao, kwamba vipokezi vikigongwa kila siku huchoka kuitika.

Jumatatu, 11 Machi

Tumepishana kila panya. Nimeona mingi, yeye michache, au kinyume chake. Mezani usiku hakunipitishia chumvi.

"Hivi nyinyi," mama mkwe akasema, "hata panya wa kwenye kioo mnamgombania?"

Mume wangu akazama ndani ya sahani yake.

Alhamisi, 14 Machi

Tumeelewana! Panya wote wa leo, namba zetu ni pacha. Profesa alipita, akatazama, akasema hajawahi kuona waangalizi wanaokubaliana namna hii. Wifi alinishika mkono njia nzima mpaka getini. Kwa watu wengine hilo ni jambo dogo.

Ijumaa, 15 Machi

Pacha tena.

Jumatano, 20 Machi

Joto limebana, mawingu yanakuja na kuondoka kama wageni wasio na adabu. Nyumbani kumetulia kiasi kwamba naogopa. Wifi ananiita "wifi yangu wa mimi". Mama mkwe anasema daktari wake amenenepa. Mume wangu anapiga mluzi bafuni.

Hatuambiwi nani kapewa dawa, lakini mwenye macho haambiwi tazama. Wapo panya wanaokula kidogo na kujikunja pembeni, na hao, wiki hizi, mtikiso umepungua. Wifi anajizuia kufurahi. Mimi nilikuwa nawaza mengine. Mwaka wa kwanza wa ndoa, neno moja la Wifi lilinitetemesha siku nzima. Sasa ananitupia matano kabla ya chai na mkono wangu unaendelea kukoroga sukari. Sijui kama hiyo ni amani au ni vipokezi kuchoka.

Jumanne, 26 Machi

Sina la kuandika. Kwa joto hili siwezi kukaa kitako wala kusimama.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua ya kwanza. Ilianza tulipokuwa na panya wa pili, na bati la chumba kile likapokea kama linapigwa na mchi. Tulipomaliza, namba zetu zilipishana kana kwamba tuliangalia panya wawili tofauti.

"Ulisinzia, wifi?"

"Sikusinzia."

"Basi ulikuwa unaota macho wazi."

Nikasema sawa.

Jumatano, 3 Aprili

Kukavu. Pacha.

Jumatatu, 8 Aprili

Mvua, tumepishana. Ilipokatika mchana, tukaelewana. Ikarudi jioni, tukapishana tena. Wifi alitupa kalamu ikagonga ukuta.

Profesa amepata jibu. Anasema kishindo cha mvua kinawavuruga panya, wanatikisa vichwa kwa namna isiyo kamili, ndiyo maana hatukubaliani. Alisema hivyo akizungukazunguka chumbani, mikono nyuma. Wifi amefurahi kupita kiasi, anataka kuongeza sura nzima juu ya mvua na serotonini. Namwona anavyofurahi na nashindwa kufurahi naye, sijui kwa nini.

Ijumaa, 12 Aprili

Mvua. Sura ya mvua inaendelea.

Alhamisi, 18 Aprili

Lazima niandike hili polepole.

Leo mvua ilikuwa nzito tangu asubuhi. Tulikuwa na panya wa mwisho, mmoja wa wale wa pembeni, na alikuwa amelala kabisa, pua imefichwa chini ya mkia. Mvua ikakatika ghafla. Unajua kimya kinachokuja baada ya bati kunyamaza, mpaka masikio yanauma. Katika kimya hicho nikasikia ta! kutoka kwa Wifi, na kidole changu kikabonyeza.

Panya alikuwa amelala. Hakutikisa hata sharubu. Nikageuka, ingawa hairuhusiwi, nikamkuta Wifi ameinama anaokota kidude chake mapajani. "Kimeniponyoka," akanong'ona, "nitaondoa moja."

Na mimi je? Changu hakikuniponyoka. Nilibonyeza kwa sababu nilimsikia yeye.

Njia nzima nilijaribu kujidanganya. Mara moja tu, nikasema, uchovu. Lakini mtu akianza kujijua, hasahau tena. Mvua ikinyesha tunapishana kwa sababu bati linatunyima kusikiana. Kukiwa kukavu tunakuwa pacha kwa sababu naisikia ta yake, na mimi, miaka minane, nimekuwa mwepesi wa kumwitikia kabla sijafikiri. Panya hawana habari na mvua.

Ijumaa, 19 Aprili

Nikataka kuhakikisha, na heri nisingetaka.

Kulikuwa kukavu. Panya alikuwa anakula, kichwa kimetulia kwenye punje. Nikabonyeza kwa makusudi, ta! Pembeni yangu, haraka kama mwangwi, nikasikia nyingine, ta! Nikasubiri. Panya bado anakula. Nikabonyeza tena, na Wifi akabonyeza tena. Nikamtazama kwa pembe ya jicho: uso wake ulikuwa umekazwa kwenye kioo kwa uaminifu wote, anaamini kabisa kwamba ameona.

Kwa hiyo na yeye ananifuata. Yule aliyenifundisha kunawa, kukaa, kupika na kunyamaza, ananifuata mimi. Nilitaka kucheka, kisha nikatoka nje nikatapika.

Wale panya wamechomwa sindano kila siku. Kundi la kwanza wameshauawa, kama kazi hii inavyotaka, ili ubongo wao upimwe. Na wakati wote huo sisi tulikuwa tunahesabiana wenyewe. Inawezekana mtikiso umepungua kweli. Inawezekana tulishajua nani kapewa dawa, mmoja akazembea kubonyeza na mwenzake akamfuata. Hakuna anayeweza kujua sasa, kwani kamera ya chumba kile iliharibika kabla sijafika.

Jumapili, 21 Aprili

Nimemwambia mume wangu. Alikunja soksi, akaikunjua, akaikunja tena.

"Funika kombe mwanaharamu apite," akasema.

"Si kweli ile kazi."

"Miaka saba, mke wangu. Na mama je? Wewe sema sawa tu, kama siku zote."

Kama siku zote. Nilimkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia dada yake, kwa sababu hakukosea.

Alhamisi, 25 Aprili

Nilimwambia Wifi leo, kule tunakoosha vizimba, mikono yetu sote ikiwa kwenye povu. Nilidhani akiwa na kazi mikononi atasikia vizuri. Nilikosea.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Kidude kuponyoka, panya aliyelala, jaribio langu la Ijumaa.

"Yaani ulinitega."

"Nilitaka kujua."

"Ulinitega, wifi. Umekaa miaka minane na sura hiyo ya sawa, sawa, kumbe unasubiri siku ya kunimaliza! Wewe unajua nini kuhusu utafiti? Wewe ni wa kupima mikojo!"

"Naijua ta nikiisikia."

Sijui neno hilo lilitoka wapi. Alitupa brashi ndani ya karai, povu likanirukia usoni, akaondoka. Nikamalizia vizimba vyake na vyangu, huku nikitetemeka mwili mzima. Kumbe vipokezi bado vipo.

Jumatatu, 29 Aprili

Amekuja kazini amejaza pamba masikioni. Hakunisalimia. Alinipa na mimi pamba, akakaa. Tukahesabu panya watatu bila kusikia lolote, kukavu, jua limewaka hata kwenye bati.

Tulipishana wote watatu.

Wifi alizitazama zile namba mpaka nikadhani amelala macho wazi. Kisha akatoa pamba, kipande kimoja kimoja. "Usimwambie mtu," akasema. "Niache nifikirie." Sauti yake haikuwa ya kuamuru. Aliniomba, na hilo lilinitisha kuliko hasira zake zote.

Alhamisi, 2 Mei

Mvua. Anachapa. Naisikia kompyuta kupitia ukutani, sura baada ya sura. Hafikirii, anachapa.

Jumatatu, 6 Mei

Bado anachapa. Mama mkwe amejaribu gauni la sherehe mara mbili leo, mbele ya kioo cha sebuleni, akauliza kama mkono si mrefu. Nikamwambia limemkaa vizuri, mama. Nikaenda jikoni nikasugua sufuria iliyokuwa safi.

Nimejua kwamba Jumanne ya wiki ijayo Wifi atakaa mbele ya Profesa na wakaguzi wawili, na mimi nitaitwa, kwa kuwa mwangalizi wa pili huulizwa. Siku zimebaki chache na kila moja ni ndefu kama kwaresma. Nikisema ukweli, namfukuza dada wa mume wangu chuoni kwa mdomo wangu. Nikinyamaza, nimewasaliti hata panya.

Ijumaa, 10 Mei

Tumekutana mlangoni mwa bafu. Akasema, "Wifi." Nikasema, "Abee." Akasubiri, akabadili mawazo, akapita. Amekonda. Namchukia na namhurumia katika pumzi moja, sijawahi kujua kwamba vinakaa pamoja hivi.

Jumanne, 14 Mei

Chumba kilikuwa na meza ndefu na feni iliyokuwa ikilalamika. Wifi upande mmoja, amevaa koti la kuazima. Wakaguzi walimsifu. Mmoja, mama mwenye miwani ya kamba, akasema kukubaliana kwetu ni kwa ajabu, kisha akanigeukia.

"Dada, kila hesabu uliifanya mwenyewe? Bila kumtegemea mwenzako?"

Nilikuwa nimeshapanga la kusema. Nililipanga siku tatu, nikipika, nikifua. Nitasema ukweli, lakini nusu: lawama niibebe mimi, yeye apone.

"Hapana," nikasema. "Nilikuwa nasikia kidude chake. Akibonyeza, na mimi nabonyeza. Sikujua mpaka mwezi uliopita."

Feni ikaendelea. Profesa alivua miwani, akaivaa, akaivua tena. Nadhani aliiona sura yake ya mvua ikizama.

"Ni jambo zito," akasema hatimaye. "Lakini basi hesabu za msaidizi tunaziondoa. Za mtafiti mwenyewe zinabaki. Ni udhaifu, tutautaja, lakini kazi inasimama."

Nilipumua. Ilikuwa imekwenda kama nilivyotaka. Wifi alihitaji kukaa kimya tu, jambo rahisi kabisa, jambo ambalo mimi nimelifanya miaka minane.

Akasimama.

"Hazibaki," akasema. "Na mimi nilikuwa namfuata yeye. Alinijaribu, nikafuata. Nilijaza pamba masikioni, tukapishana. Nimelijua hilo wiki mbili na nikaja hapa nikiwa nimenuia kunyamaza."

"Kaa kwanza, mama," Profesa akamwambia, "fikiri unachosema."

"Nimefikiri mpaka nimechoka, Profesa."

Miaka yote hii nimekuwa nikimwandika kichwani mwangu kama mtu asiyejua kusema nimekosa. Leo amelisema mbele ya watu wenye uwezo wa kumfuta, wakati mlango wa kutokea ulikuwa wazi na mimi ndiye niliyemfungulia. Nilijifunika uso kwa mikono nikalia, na kamasi juu, mbele ya wakaguzi.

Jumatano, 15 Mei

Mama mkwe: "Kwa hiyo hakuna daktari?"

Wifi: "Bado, mama."

Mama mkwe ameingia chumbani na hajatoka kula. Mume wangu hanisemeshi. Mvua haijakatika tangu jana.

Jumamosi, 18 Mei

Mama mkwe ametoka. Akatutazama, mimi na Wifi, tukichambua mchele kwenye sinia moja. "Wawili nyinyi," akasema, "mngekuwa mnagombana kama watu wengine, haya yasingetokea." Akachukua chai yake akarudi ndani. Mwenyewe hakujua alivyopiga palepale.

Ijumaa, 31 Mei

Barua imefika. Hawajamfuta. Wamempa mwaka mmoja arudie yote, panya wapya, waangalizi watenganishwe. Posho imekatwa. Ile nafasi ya kufundisha aliyokuwa amewekewa kapewa mtu mwingine, kijana aliyeingia chuoni nyuma yake miaka minne. Wifi alisoma barua akiwa amesimama, akaikunja, akaenda kufua. Alifua hadi mapazia.

Nilimfuata uani. Nikamwambia najua hataki kuniona, atafute msaidizi mwingine, nitaelewa.

"Nani mwingine?" akasema, akikamua pazia. "Nipate mtu mzuri wa kuniambia sawa? Shika upande huo, tukamue."

Jumatatu, 10 Juni

Mvua zimekwisha. Panya wapya wamefika, wadogo, weupe, wenye wasiwasi kama sisi. Fundi ameweka ukuta wa mbao kati ya viti. Vidude vipya havilii, vinawaka taa ndogo tu. Hesabu za kweli zitaanza wiki ijayo. Leo yalikuwa mafunzo, kukubaliana nini ni mtikiso na nini siyo.

Tukasoma namba. Mimi kumi na tatu, yeye tisa.

"Umehesabu kunawa uso," Wifi akasema kutoka upande wa pili wa mbao.

Kinywa changu kilishaanza kuumba ile sawa. Nikakifunga. Nikakumbuka nilichokiona, vizuri, kwa macho yangu.

"Hapana, wifi. Alitikisa katikati ya kunawa. Umekosea wewe."

Nikasikia kiti kikiburuzwa, miguu ikizunguka ukuta. Akasimama juu yangu, mikono kiunoni, na mwili wangu wote ukajikunja kwa mazoea. Halafu akakivuta kiti chake kutoka upande wa pili, akakaa karibu, magoti yakagusana, akasema jambo ambalo tangu niolewe katika nyumba ile hajawahi kuniambia.

"Haya, nieleze. Uliona nini?"